Gusberi za kuchuma mwenyewe Kent: hatimaye mchuzi wangu umepata ukali wake

Mwaka wa sita huu niko Uingereza, na kila nikipika mchuzi wa samaki nakumbuka mbirimbi za nyumbani Unguja. Ukwaju unapatikana, ndimu zimejaa, lakini ule ukali wa tunda linalopasukia ndani ya chungu sikuupata. Juni hii nikaenda na wanangu shamba moja la Kent ambako unachuma mwenyewe, unapimiwa mlangoni, unalipa. Wao wakakimbilia stroberi, mimi nikabaki kwenye vichaka vya gusberi, vitunda vidogo vikali vya huku.

Vina miba mirefu, na wenye shamba hawakutupa glavu wala kutuonya. Nilirudi nimechanika hadi viwikoni, kwa hiyo nyota moja nimewakata. Ukienda, vaa mikono mirefu, inua tawi kwa mkono mmoja na uchume kwa mwingine, maana matunda yananing'inia kwa chini.

Gusberi za Juni ni za kijani, ngumu, zina mistari myeupe kama ya tikiti, na ni kali kwelikweli. Hizo ndizo za jikoni. Zikiachwa zikaiva zinalainika na kuingia utamu, basi hizo kula tu.

Jioni ile nilinunua mackerel, ndugu wa vibua wetu. Wafaransa tunda hili huliita groseille à maquereau, wakalipatia kabisa jina la samaki huyo, na baada ya kupika nimewaelewa. Nilikaanga kitunguu, thomu na bizari, nikatia tui jepesi, pilipili mbichi na samaki, kisha konzi mbili za gusberi. Dakika tano zikaanza kupasuka moja moja, mchuzi ukawa mzito, na yale mafuta mengi ya samaki hayakukinaisha tena. Tui zito litie mwisho kabisa kwa moto mdogo, la sivyo ukali utalikata. Mume wangu alionja akauliza mbirimbi nimezitoa wapi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kwa vitu vitamu, jem ndiyo iliyoniridhisha: kilo ya tunda, kilo ya sukari, maji kikombe na nusu, hiliki kidogo. Tunda lichemke na maji hadi ngozi zilainike ndipo utie sukari. Ukiitanguliza sukari, ngozi hukakamaa. Pektini, ile inayogandisha jem, imo nyingi ndani ya tunda, basi inaganda bila kuongezewa kitu. Waingereza huziponda gusberi zilizopikwa wakachanganya na krimu iliyopigwa. Wanangu waliramba bakuli, ila kwangu krimu inaufunika ule ukali nilioufuata.

Nyota 4 kati ya 5. Zilizobaki nimezigandisha na vikonyo vyake. Zikishakuwa mawe, unazisugua kwa viganja na vikonyo vinakatika vyenyewe. Jumamosi narudi kuchuma nyingine za achari, safari hii na glavu za bustani.