TLP kwenye laptopu ya steshenari: nyota nne, ya tano imeliwa na modemu

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Laptopu ya kazini ni ya mtumba, betri imechoka, na umeme ukikatika ndiyo inayobeba duka. Nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure kama Windows, halafu nikaongeza TLP, programu ya bure ya kubana matumizi ya umeme. Nazungumzia upande wa USB tu, maana huko ndiko faida na kero zimekutana.

Kazi yenyewe inafanywa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa. Kifaa cha USB kikikaa kimya sekunde 2, kinalazwa, kikihitajika kinaamshwa. Kerneli ina uwezo huo siku nyingi, ila kwa vifaa vingi, ukiacha hubu (kigawanya poti za USB), huwa haiutumii mpaka iambiwe, kwa sababu vingine vikishalala kuamka ni mgogoro. TLP ndiyo inayoiambia. Mausi, kibodi na printa inaviacha, na hapo nawapongeza waliotengeneza. Modemu ya intaneti haiiachi.

Sasa fikiria kijana anajaza maombi ya mkopo wa chuo. Anasoma swali, anakuna kichwa, anampigia mama yake amsomee namba ya cheti cha kuzaliwa. Muda wote huo hakuna kinachopita kwenye modemu, nayo inalazwa. Akija kubonyeza kutuma, ukurasa unazunguka tu. "Kaka, bando limeisha?" Bando lipo, na taa ya modemu inawaka kama kawaida, ndiyo maana inachanganya. Unachomoa, unachomeka, inarudi, na foleni inakutazama.

Dawa yake ni ndogo. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb ikuorodheshee vifaa vya USB, chukua namba ya modemu (ile yenye nukta mbili katikati), iweke kwenye mstari wa USB_DENYLIST (orodha ya vifaa visivyolazwa) ndani ya faili la /etc/tlp.conf, kisha andika sudo tlp start. Ukitaka kujaribu kwanza, ingia /sys/bus/usb/devices, tafuta folda ya kifaa chako, na kwenye faili la power/control andika on badala ya auto. Ukizima mashine hilo linasahaulika, kwa hiyo hutaharibu kitu. Mimi nilianzia hapo, modemu ikatulia, ndipo nikagusa faili la TLP.

Chaji inakaa zaidi, ila usitegemee miujiza. Kioo bado ndicho mlaji mkubwa. Kilichonishawishi niiache ni kwamba hata kamera na bluetooth za ndani ya laptopu mara nyingi zimeungwa kwa USB. Kimoja kikibaki macho, kidhibiti cha USB nacho kinabaki macho, na prosesa haipati usingizi mzito.

Wengine wananiuliza kama inazima zile taa na feni za USB. Haizimi. Kulazwa si kukatiwa umeme: volti 5 zinabaki kwenye poti, kifaa ndicho kinachotakiwa kujibana, na kwa USB 2.0 kisizidi miliampia 2.5. Taa haina chipu ya kusikia amri hiyo. Kukata kabisa kuna programu nyingine, uhubctl, lakini inataka hubu inayoweza kukata umeme poti moja moja, na za bei poa nyingi haziwezi. Yangu ilijibu kwamba poti imezimwa huku taa inawaka. Taa naichomoa kwa mkono.