Uzoefu wangu: kumtafutia Mama nyumba ya wazee England kwa ripoti za ukaguzi

Mama alikuwa akisema "choo". Kwenye daftari la taarifa za kila siku, wahudumu wa usiku waliandika kwamba anapiga kelele bila sababu, na kwamba huenda anaita jina la mtu. Niliusoma ukurasa ule nimesimama ukumbini, mkoba ungali begani, nikarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa nikihesabu. Usiku kumi na moja. Kwa usiku kumi na moja mama wa miaka 81 aliomba kupelekwa chooni kwa lugha aliyonyonya nayo, akabadilishwa pampasi asubuhi.

Nyumba ile ilikuwa na daraja la Good, yaani nzuri, kutoka kwa wakaguzi, limebandikwa mlangoni.

Nawaandikia wenzangu mlioko huku ambao siku moja mtalazimika kumchagulia mzazi nyumba ya wazee. Ninachokitathmini ni ripoti za ukaguzi za Care Quality Commission, tume inayokagua nyumba za wazee England, ambayo wote tunaiita CQC. Nimezitumia mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa makini, na tofauti niliiona kwenye mwili wa mama yangu.

Mama ni mtu wa Tanga. Alikuja kuishi nasi Leicester baada ya baba kufariki, akajifunza Kiingereza cha sokoni na cha hospitali, akawa anakwenda dukani peke yake. Kisha akapata kiharusi, ukafuata ugonjwa wa kusahau, na kitu cha kwanza kumtoka kikawa kile Kiingereza. Ndivyo inavyowatokea wengi wenye maradhi haya: lugha ya ukubwani huondoka, ya utotoni ikabaki. Nilimhudumia nyumbani miezi kumi na minne. Ilipofika mahali anahitaji watu wawili na mashine ya kumnyanyulia ili atoke tu kitandani, sikuweza tena. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua yanayosemwa shughulini, kwamba fulani kamtupa mamaye. Sikumtupa. Sijapitisha siku tatu bila kumwona.

Basi hospitali ikataka kitanda chake, nikapewa siku chache za kuchagua.

Kwa asiyejua: kila nyumba ya wazee England lazima isajiliwe CQC, tume iliyoanza kazi mwaka 2009. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana wakaguzi wao. Wakaguzi wa CQC aghalabu huingia bila kutoa taarifa, na ripoti yao imejengwa juu ya maswali matano. Wakazi wako salama? Huduma inawafaa kweli? Wahudumu wana upole na heshima? Kila mtu anahudumiwa kulingana na mahitaji yake? Uongozi ukoje? Kila swali hupewa daraja lake, kisha nyumba nzima hupewa daraja la jumla: Outstanding kwa iliyopita kawaida, Good kwa iliyo nzuri, Requires Improvement kwa inayotakiwa kujirekebisha, na Inadequate kwa isiyofaa. Sheria inaitaka nyumba ilibandike daraja hilo mahali linapoonekana. Ripoti zote ziko kwenye tovuti ya tume, bure, na hutakiwi kujisajili.

Mimi nililiona neno Good pale mlangoni, nikashusha pumzi. Sikufungua ripoti. Ningeifungua ningeona mambo mawili. La kwanza ni tarehe: wakaguzi walikuwa wamefika miaka minne nyuma, chini ya meneja mwingine kabisa. La pili, hilo Good lilikuwa la jumla tu. Kwenye swali la uongozi nyumba ilikuwa imepewa Requires Improvement, na maelezo yake yalikuwa hayo hayo niliyokuja kuyashuhudia kwa macho yangu: kumbukumbu za huduma zisizoaminika.

Ngoja niwaeleze maana yake chumbani. Alasiri moja nilifika saa tisa na dakika kumi. Mama alikuwa na chati ya kugeuzwa kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Nikaikuta chati imeshatiwa saini ya saa kumi. Saini ya saa ambayo haijafika. Chai ilikuwa baridi, utando umeshika juu, imewekwa kwenye meza ambayo mkono wake mzima hauifikii, na karatasi ya vinywaji ilisema amekunywa mililita 200. Kamba ya kengele ya kuitia watu ilikuwa imefungwa fundo nyuma ya kitanda, upande wa mkono uliopooza. Nilipomgeuza, nikaona wekundu kwenye mfupa wa nyonga. Nikaubonyeza kwa kidole kama nilivyofundishwa na nesi wa hospitali. Haukubadilika rangi. Hiyo ni dalili ya kidonda kinachoanza.

Wahudumu wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wawili kwa ghorofa nzima, na wengine wametoka kwenu na kwetu. England hakuna sheria inayotaja idadi ya wahudumu kwa kila mkazi. Kanuni inasema tu wawe wa kutosha na wenye ujuzi. Neno "kutosha" ndipo wazee wanapoumia.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui, nami nilijifunza kwa kupoteza wiki nzima: CQC haishughulikii lalamiko la mtu mmoja mmoja. Ukijaza fomu yao mtandaoni, taarifa yako inaingia kwenye picha ya ile nyumba na inaweza kuwasaidia kuamua lini waende kukagua, lakini hawatakuja kukuamulia kesi yako. Lalamiko huanza kwa nyumba yenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika na jibu, unakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya huduma hizi, hata kama malipo unatoa mfukoni mwako. Na kama mzee yuko hatarini sasa hivi, usingoje mlolongo huo wote: pigia kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kitengo cha ulinzi wa watu wazima, maana sheria ya huduma, Care Act ya mwaka 2014, inawapa wajibu wa kuchunguza. Mimi nilifanya yote matatu. Kaunsili ndiyo iliyotikisa mambo, na baada ya wiki tano Mama alihama.

Safari ya pili nilianza na ripoti sita, nikazisoma hadi ukurasa wa mwisho na kalamu mkononi. Nilianzia kwenye tarehe. Mwaka 2024 Dkt. Penny Dash, aliyepewa na serikali kazi ya kuipitia CQC, alieleza waziwazi kwamba ukaguzi ulikuwa umepungua na madaraja mengi yamezeeka. Kwa hiyo Good ya juzi na Good ya zamani si kitu kimoja, hata kama zimeandikwa kwa wino ule ule. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye swali la uongozi, nikaangalia meneja aliyesajiliwa amekaa kwa muda gani. Nyumba inayobadilisha meneja kila mwaka niliiacha, hata iwe na bustani nzuri kiasi gani. Nikalinganisha na ripoti iliyotangulia pia: kosa lililotajwa zamani likitajwa tena, hapo kuna ugonjwa sugu. Na nilitafuta maneno ya wakazi wenyewe. Wakaguzi huyanukuu, na mara nyingi sentensi moja ya bibi kizee ina uzito kuliko aya nzima ya meneja.

Halafu nikaenda mwenyewe, Jumapili saa kumi na moja jioni. Siku ya kazi saa nne asubuhi kila nyumba inanukia keki. Jumapili jioni meneja hayupo, zamu ni nyembamba, na wenye ugonjwa wa kusahau ndio saa yao ya kuhangaika. Nilikaa sebuleni dakika arobaini. Kengele moja ililia, nikaiangalia saa ya ukutani. Ilichukua dakika mbili na nusu kujibiwa. Nilitazama midomo ya wazee kama imekauka, kucha zao, miwani kama ni misafi, kama kila mtu amevaa soksi zinazofanana. Nilimsikiliza mhudumu aliyekuwa akimlisha babu mmoja: amekaa kwenye kiti, si kusimama, na anamwambia kila kijiko kina nini kabla hakijafika mdomoni. Nikaomba kutumia choo cha wakazi, si cha wageni.

Meneja tulikutana kesho yake. Nilimuuliza: usiku ni wahudumu wangapi, na kwa wakazi wangapi? Alinijibu kwa namba bila kuvuta karatasi. Nikamuuliza la pili, lile langu: mama yangu akisema kwa Kiswahili kwamba anataka choo, nani atajua? Hakuniambia kwamba wao ni familia moja. Aliniambia, "Kwa sasa hakuna. Tuandikie maneno anayoyatumia, tuyajifunze kabla hajafika."

Niliandika maneno kumi na mawili, kila moja na namna ya kulitamka. Choo. Maji. Naumwa. Baridi. Joto. Niacheni. Nataka kutia udhu. Karatasi ile ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, na nakala ikatiwa kwenye mpango wake wa huduma, pamoja na habari ya chakula cha halali na ya kuhudumiwa na wanawake wakati wa kuoga. Siku ya pili mhudumu mmoja, dada kutoka Zimbabwe, aliingia na kahawa yake ya asubuhi akasema, "Shikamoo, Mama." Mama alikuwa hajasema neno tangu afike. Akageuza kichwa, akamtazama, akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Nyumba hii nayo ina kasoro. Kanga mbili zimepotea kwenye dobi ya pamoja, moja ilikuwa ya marehemu bibi. Shonea jina la mzazi wako kwenye kila nguo, kalamu inafutika. Wikendi bado naona upungufu wa watu. Lakini nyonga ya Mama imepona, uzito umepanda kilo tatu, na chati yake nikiifungua saa yoyote inalingana na saa ya ukutani.

Kwa ripoti zenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Zimeandikwa kwa lugha nyepesi, zinataja kanuni iliyovunjwa bila kuzungukazunguka, na zimenionyesha pa kutazama. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya huo uzee wa madaraja, na kwa sababu swali la lugha ya mkazi nililikuta kwenye ripoti mbili tu kati ya zile sita, wakati kwa watu wetu hilo ni suala la usalama sawasawa na dawa.

Wanaozuiwa kuwaona wazazi wao wajue pia kwamba tangu tarehe 6 Aprili 2024 kanuni inayosimamiwa na CQC inaitaka nyumba iruhusu wageni, isipokuwa pakiwa na sababu ya pekee kabisa. Kuna dada aliambiwa na nyumba fulani asije wakati wa chakula. Wakati wa chakula ndio hasa wa kwenda.

Mwezi uliopita wakaguzi walifika kwenye nyumba hii ya pili, na mmoja wao akanipigia simu, tukazungumza kama dakika ishirini. Nilimweleza mazuri yote, kisha nikamweleza habari ya wikendi na ya kanga. Akaniuliza nani anamwelewa Mama usiku. Nikamwambia aende chumbani afungue kabati. Meneja naye nimemwandikia kuhusu zamu za Jumamosi na Jumapili, na ameahidi jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Likija nitaliongeza hapa.