Chaivi: mbegu au kugawa kichaka?

Chaivi, ndugu wa kitunguu mwenye majani membamba yaliyo wazi ndani, huanzishwa kwa njia mbili. Mbegu ni bei nafuu, lakini joto la Dar linazipa shida: huota vizuri penye ubaridi kiasi, na Februari hapa mchana hupita nyuzi 30. Tena huzeeka upesi. Pakiti iliyokaa dukani zaidi ya mwaka mara nyingi haioti. Ukizitaka, sia Juni au Julai, kivulini.

Mimi nachagua kugawa kichaka, bila kusita. Kimwagilie jioni, kesho yake kabla ya jua kali king'oe chote, ukitenganishe kwa vidole taratibu. Utaona vitunguu vidogo vyeupe vimeshikana, mizizi imesukana kama nywele. Kila fungu liwe na vitano au sita, majani uyapunguze yabaki sentimita 5 hivi, upande kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Mchanga wetu wa pwani hauhifadhi maji, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri. Baada ya wiki chache majani mapya yanachipua, wakati aliyesia mbegu bado analea vinyuzi. Kazi ni kumpata mwenye kichaka. Anza kwa wauza miche wa barabarani.