Playwright na swali la nini kikaguliwe

Playwright, chombo cha kujaribu tovuti kiotomatiki ndani ya kivinjari ambacho Microsoft ilikitoa mwaka 2020, huendesha jaribio lile lile katika Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit (msingi wa Safari). Ninakipendekeza hasa kwa namna kinavyokagua. Ukikitaka kithibitishe kwamba ujumbe fulani umeonekana, hakitazami mara moja na kukata tamaa, bali hurudia kutazama hadi uonekane au muda uishe, ambao usipobadilishwa ni sekunde 5. Kwa hiyo ile mistari ya kuliamuru jaribio lisubiri tu, ambayo husababisha majaribio yafaulu asubuhi na kufeli jioni bila msimbo kuguswa, haihitajiki tena.

Hata hivyo, chombo hakimchagulii mtu cha kukagua. Tuseme jaribio limebofya kitufe cha kulipia oda. Linaweza kukagua kwamba kitufe kimebadilika rangi, kwamba anwani ya ukurasa ni mpya na kwamba maneno ya shukrani yametokea, na yote matatu yakafaulu ilhali oda haikuhifadhiwa popote. Ukaguzi wenye thamani ni kufungua upya orodha ya oda na kuikuta oda hiyo, ikiwa na idadi na jumla sahihi, kwa kuwa hicho ndicho alichokijia mteja. Hesabu za punguzo, zenye hali nyingi, zijaribiwe kwenye msimbo wenyewe, ambako majibu huja kwa milisekunde, na kivinjari kiachiwe hali moja ya kuthibitisha kwamba sehemu zote zimeungana.

Ukaguzi unaonitia wasiwasi kuliko wote ni ule wa kuthibitisha kwamba ujumbe wa kosa haupo. Playwright huridhika mara tu hali iliyotakiwa inapotimia, na kabla seva haijajibu ujumbe huo kweli haupo. Jaribio linafaulu papo hapo, na kosa linatokea baadaye bila shahidi. Ni lazima kwanza kusubiri dalili kwamba kazi imekamilika, ndipo kutokuwepo kwa kosa kuwe na maana.

Kulinganisha picha za skrini nako kunahitaji kiasi. Herufi huchorwa tofauti kati ya mfumo endeshi mmoja na mwingine, na ndiyo maana Playwright huandika jina la kivinjari na la mfumo katika jina la faili la kila picha ya kigezo, yaani ile ya awali ambayo picha mpya hulinganishwa nayo. Timu inayopiga picha kurasa nzima hujikuta, kila mtindo unapobadilika, ikiidhinisha picha mpya bila kuzitazama. Ningezibakiza kwa chati na ankara za kuchapishwa, ambazo mwonekano wake ni sehemu ya kazi yake.

Kutafuta kitufe kwa jukumu lake (kwamba ni kitufe) na jina lake, badala ya kwa mahali kilipo kwenye ukurasa, ni uamuzi mzuri wa waundaji: kitufe kisicho na jina linaloweza kusomwa na programu za kuwasomea wasioona hakitapatikana, na jaribio litafeli kwa sababu ya haki kabisa.