Kupona Mwanza mjini au kuvuka ziwa kwenda kisiwa cha Ukerewe?

Ukishapangiwa tarehe ya upasuaji wa endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba zimeota nje yake, amua mapema utapumzikia wapi.

Mjini, hospitali ipo karibu. Homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, damu ikitoka nyingi au mguu mmoja ukivimba na kuuma, bajaji inakufikisha usiku uleule. Kasoro ni makazi. Nyumba nyingi za Igogo na Bugarika zimepanda vilima vya mawe, na kupanda ngazi ukiwa na nyuzi tumboni ni adhabu.

Ukerewe kuna mama, uji na watu wa kukuchotea maji, maana ndoo hutaigusa kwa wiki kadhaa. Waliofanyiwa upasuaji kwa matundu madogo tumboni wengi hurudia kazi nyepesi baada ya wiki 2 hadi 4. Waliofunguliwa tumbo huhitaji takriban 6. Lakini kivuko cha kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, ni kama saa 3, na gesi iliyopulizwa tumboni wakati wa upasuaji wa matundu huuma hadi mabegani siku za mwanzo. Ongeza mawimbi hapo!

Mimi ningekaa kwa ndugu mjini, nyumba ya bondeni, mpaka kliniki ya kwanza ipite, ndipo nivuke. Kabla ya kulazwa ningenunua pedi na dera pana lisilobana tumbo. Mapapai pia yasikosekane: dawa kali za maumivu hufunga choo.