Land Cruiser HZJ75 na Defender 110 ya 300Tdi: uzoefu wangu wa kuziendesha zote mbili

Magari haya mawili nimeyamiliki kwa kufuatana, kwanza Toyota Land Cruiser HZJ75, kisha Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na yote niliyapata yakiwa yamekwisha kula chumvi nyingi. Nilipozilinganisha takwimu zao kabla ya kununua la pili, niliona kama ninarudi nyuma, kwa sababu injini ya 1HZ iliyomo kwenye Toyota ni ya silinda 6, ina ujazo wa sentimita za ujazo 4164 na nguvu farasi zinazokaribia 130, ilhali 300Tdi ni ya silinda 4, ujazo wa 2495 na nguvu farasi 111 tu.

Barabarani nilikuta mambo mengine. 300Tdi ina tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu yake ya juu ya kuvuta, niutonimita 265, hupatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1800 kwa dakika. 1HZ haina tabo, nayo hutoa 285 kwenye mizunguko 2200. Tofauti ni niutonimita 20 pekee, ingawa injini moja inaizidi nyingine ujazo kwa zaidi ya nusu. Milimani pengo hilo huweza hata kugeuka, kwa maana hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000. Kwenye miinuko mirefu Land Cruiser ilinilazimu kushusha gia mapema huku ikitoa moshi mweusi, lakini Defender ilipanda kwa utulivu na kwa dizeli kidogo zaidi.

Matopeni ndiko nilikoikumbuka Toyota. Gari likiwa na mzigo na injini ikinguruma taratibu, 1HZ huvuta pale pale unapoachia klachi, wakati 300Tdi husubiri kwanza tabo iamke.

Defender huendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, na difu yake ya kati, yaani gia zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, hufungwa kwa wenzo inapohitajika. Land Cruiser hutumia magurudumu ya nyuma mpaka uunganishe ya mbele, na kwa kuwa haina difu ya kati, haifai kuendeshwa hivyo kwenye lami kavu. Mimi nilisahau mara moja, nikakata kona kali, na usukani ukagoma kana kwamba umeshikwa na mtu. Kosa lilikuwa langu.

Springi za mabamba za Land Cruiser humrusharusha abiria gari likiwa tupu, ila hutulia likishiba mzigo. Zile za koili za Defender ni laini siku zote.

Fundi mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba 1HZ haina mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni) wa kubadilishwa. Si kweli: injini zote mbili zinao, na ukikatika, pistoni hugonga valvu.

Nimebaki na Defender, kwa kuwa safari zangu za sasa ni za milimani na mzigo mwepesi. Kama ningekuwa bado ninabeba mbao, Toyota isingeuzwa.