Damu ya dada yangu kwenye deli la barafu

Nyota moja, na hiyo ni ya muuguzi. Kituo sikitaji. Kipo Tanga mjini, aliyewahi kuingia atakijua kwa hilo deli.

Dada yangu ana saratani ya titi, imeshahamia kwenye mifupa. Mwaka jana, mfungo umekaribia, tukasikia kuna kipimo cha kutafuta seli za saratani zinazozurura kwenye damu. Damu inachukuliwa hapa, inapelekwa India. Bei sisemi, ng'ombe wawili wa kaka yetu Handeni waliuzwa.

Muuguzi, mashallah. Mishipa ya dada imechoshwa na dripu, wengine humchoma mara tatu, nne. Huyu mama alimkanda mkono taratibu, akamuuliza habari za wajukuu, dada anashtuka tyubu imejaa.

Balaa likaanza mapokezi. Kijana kaipokea tyubu, kafunua deli jeupe, lile lile la wauza samaki, kaitumbukiza kwenye barafu. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo haitakiwi baridi." Karatasi yake ilikuwa pale mezani, imeandikwa nyuzi 15 hadi 30. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, damu zote zinakaa humu. Wewe umesomea wapi?"

Umesomea wapi! Mbele ya watu, na dada kakaa pale kashika pamba mkononi.

Sikusomea, lakini nimeuguza. Seli zenyewe ni chache mno. Kwenye mililita 7.5 za damu mna mabilioni ya seli nyekundu, wao wanatafuta mbili, tatu, kumi. Wanatia vichembe vya chuma vyenye kitu kinachoshika ganda la seli hizo, kisha sumaku inazivuta kando. Tyubu ina dawa yake ya kuzihifadhi, zinavumilia saa 96 bila friji. Haki yake nimpe: Tanga msimu wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30, na feni yao ilikuwa inazunguka kwa kujilazimisha. Lakini ndiyo uitumbukize kwenye barafu?

Baada ya wiki kadhaa likaja jibu: sampuli imefika ya baridi, haipimiki, leteni nyingine. Nikaenda kudai. Kijana yule yule: "Hilo kosa la India, mama. Mkitaka kurudia mnalipia." Nilitoka pale natetemeka, nikavuka barabara bila kutazama, bodaboda kidogo inizoe.

Tukalipia. Safari hii tyubu niliibeba mwenyewe. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda basi la kiyoyozi, nikaipakata mpaka Dar kwa wakala wa kusafirisha. Segera abiria wote walishuka kununua machungwa, mimi sikuinuka.

Majibu: seli 2. Kwa ugonjwa uliokwisha kusambaa, mpaka wao wanauweka kwenye 5. Kuanzia hapo hali inahesabiwa mbaya zaidi. Dada akauliza, "Wapo wawili tu?" kama anaulizia wageni wa chakula cha jioni. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Siku ile ningewapa nyota tano, na kijana ningemsamehe.

Halafu daktari wake akatutuliza kwa namna iliyonichoma. Namba inasaidia kukisia mwendo wa ugonjwa, akasema, ila utafiti wa Marekani uliotoka 2014 ulionyesha kuwa kumbadilishia mgonjwa kemo mapema kwa sababu seli hazijapungua hakukumwongezea maisha. Dawa za dada zingebaki zile zile, seli ziwe 2 au 20. Sasa hilo kwa nini hatukuambiwa pale dirishani, kabla ng'ombe hawajauzwa? Nyota nimezirudisha zote. Ingawa ile karatasi ya majibu dada anailalia chini ya mto, na mimi siwezi kumwambia kuwa haina kazi.

Msiende. Au nendeni zamu ya yule mama wa ushungi wa kijani, na tyubu msimwachie mtu.

Juzi nimepita pale kumchukulia jirani majibu ya sukari. Kijana kanipa shikamoo, kainamisha kichwa. Deli lipo pale pale, ila kifuniko kimebandikwa karatasi, kalamu ya wino mzito, herufi zimepinda: TYUBU ZA SARATANI MARUFUKU HUMU.

Haya, nyota mbili. Pesa ya kipimo cha kwanza bado naidai.